Mfalme Aliyenyolewa kwa Ukwaju

“Uchafu ni uchafu!” Waziri Lukindo aliipiga meza kofi mpaka kisahani kikaruka. “Usinifundishe uchafu mimi! Mimi ndiye Waziri wa Usafi, Heshima na Mambo ya Kale. Nikisema kitu ni kichafu, kimeshakuwa kichafu!”

“Si uchafu, Mheshimiwa, ni ngozi yake!” Vuai naye alishapandisha, mishipa ya shingo imemtoka. “Hii kutu ya kijani ndiyo iliyozitunza huko ardhini. Ukiibandua kwa pupa unabandua na uso!”

“Hakuna kubandua, hakuna kuosha, zirudi shimoni!” alidakia Afande Nzunda, mkuu wa usalama, na akabwaga rundo lake la funguo mezani, kwaaa! Afande huyu haanzi mazungumzo bila kubwaga funguo. Wengine hupiga hodi, yeye hubwaga funguo, na kila mtu anabaki kujiuliza mle ndani umo ufunguo wa mlango gani. “Mkiosha, uso utaonekana. Ukionekana, sisi tuliomo humu tumeuona. Na kama siyo uso unaotakiwa, basi tumeona kisichoonwa, na kuona ni kosa. Itabidi nitukamate wote. Na kujikamata mwenyewe ni kazi, nilishawahi.”

Akachomoa leso mfukoni akakifunika kile kisahani, kama mama lishe anavyofunika vitumbua nzi wasitue.

Chini ya leso zilikuwemo sarafu za Kirumi, kiganja kizima, zimevimba kutu na udongo, ukiziangalia harakaharaka utasema magamba ya mti. Na ng’ambo ya ua, kwenye ghala, alikuwa amefungiwa mtu kwa ajili ya sarafu hizohizo. Mtu mwenyewe ni Kombo, mdogo wake Vuai, tumbo moja, ziwa moja. Kwa hiyo ukimsikia Vuai anaipigia kelele kutu, ujue haipigii kutu peke yake.

*

Sasa tuelewane kwanza. Nchi yenyewe tusiitaje, haijatukosea kitu. Ni nchi nzuri tu, ina bendera, ina wimbo, ina Mtukufu. Wananchi walimpenda Mtukufu kuliko chakula, na wengi kwa kweli walishaacha kula.

Kila mwaka walikuwa na Siku ya Mng’aro. Siku hiyo kila nyumba hutoa shaba yake nje, sinia, birika, deste, vyote vimesuguliwa kwa ukwaju na jivu mpaka vinaumiza macho. Mtukufu hupita na gari la wazi, anajitazama nyumba hadi nyumba. Sinia likikutwa na doa linapigwa picha, na mwenye nyumba naye anapigwa.

Halafu kuna hili suala la ndevu. Mtukufu hakujaliwa ndevu. Mungu humpa amtakaye. Aliwahi kujaribu kuzifuga, vikamtoka vinyuzi vitatu vinne kama vya kambale, basi likatoka tangazo kwamba ndevu ni upinzani. Wanaume wakanyoa. Mbuzi dume nao wakanyolewa, na wafugaji wakapewa semina.

Na pesa je? Pesa ya nchi ile ilikuwa na kichwa kimoja tu, unakijua. Kukutwa na sarafu yenye kichwa cha mtu mwingine ni sawa na kukutwa na huyo mtu mwingine mwenyewe, umemficha uvunguni.

Sasa Kombo alikuwa kibarua, anachimba msingi wa sanamu mpya ya Mtukufu, ile ya kuangaliana na sanamu ya zamani ili isione upweke. Sururu yake ikagonga chungu. Chungu kikapasuka, sarafu hizo zikamwagika. Mwingine angetia mfukoni akanyamaza. Kombo, maskini wa Mungu, akampelekea kaka yake, kwa sababu kaka yake ndiye mhifadhi wa Nyumba ya Kale.

Na Vuai naye mwoneeni huruma. Tangu aajiriwe, Nyumba ya Kale ilikuwa na viatu vya Mtukufu vya utotoni, viatu vya Mtukufu vya ujanani, na kabati tupu linalosubiri viatu vya uzeeni. Leo kaletewa kitu cha kale kweli, kitu ambacho wafanyabiashara wa zama zile walikileta toka mbali wakakiacha! Alilia, usicheke. Alijua cha kufanya: unaziloweka kwenye maji ya mvua, unasubiri, unazitia mafuta ya zeituni, unasubiri tena, halafu unakwangua kwa mwiba, punje kwa punje, kama unamtoa mtoto tongotongo. Na nyingine huzigusi kabisa. Ikishakuonyesha nusu ya sikio, shukuru, iache ipumzike.

Lakini Waziri Lukindo alishakimbilia redioni. Akatangaza kwamba Warumi walitokea nchini mwao, wakahama kwa kukosa nidhamu, na kwamba kichwa kilichomo kwenye sarafu ni cha babu yake Mtukufu. Alikiona? Hakuona kitu, ilikuwa kutu tupu. Uzuri wa kutu, haikanushi.

Afande Nzunda akauliza swali moja tu. “Na kama siye?”

Kwa swali hilo Kombo akakamatwa. Kichwa kikiwa cha babu, Kombo ni shujaa, atavishwa nishani. Kikiwa cha mwingine, Kombo ni haini, kaficha kichwa cha kigeni chini ya miguu ya sanamu, atanyongwa. Seremala wa serikali akaagizwa atengeneze jukwaa moja linalofaa kwa yote mawili, maana mbao zimepanda bei. Gereza likamkataa Kombo, likasema huyu huenda ni shujaa. Hoteli ikamkataa, ikasema huyu huenda ni haini. Ndipo akafungiwa ghala la Nyumba ya Kale, katikati ya makabati, kwa hoja kwamba vyovyote itakavyokuwa, huyu ni wa historia.

*

Vuai alikuwa akienda kumwona dirishani.

“Wanakulisha?”

“Inategemea, kaka. Asubuhi mimi shujaa, naletewa chai ya maziwa na chapati. Mchana mimi haini, naletewa vibao. Tena askari yuleyule! Ananimiminia chai, ananiambia, kunywa shujaa wetu, mchana tutaonana.”

Kombo alijaribu kucheka, lakini shavu lilikuwa limevimba, kicheko kikatoka upande mmoja. Na kidevuni nywele zilishaanza kumsonga. Kinyozi wa mashujaa alisema huyu hajawa shujaa, kinyozi wa wafungwa akasema huyu hajawa mfungwa.

“Kaka, we si umeziangalia? Niambie ukweli. Ni babu yake?”

Vuai akatazama nyuma, hakuna mtu. Alikuwa amejaribu moja, kwa mwiba wa mlimau. Kwanza likatokea jani. Kisha sikio. Kisha kidevu, na hapohapo akaacha kukwangua.

“Ana ndevu,” akanong’ona.

“Nyingi?”

“Zimejaa. Tena za kusokota.”

Kombo akaegemeza paji la uso kwenye chuma. “Basi mimi kwisha habari yangu.”

“Kutu bado inamfunika.”

“Itamfunika mpaka lini? Lukindo anazitaka Siku ya Mng’aro, na siku yenyewe ndo hiyo inabisha hodi.”

“Nitawachelewesha. Nitawaambia lazima tupate maji ya mvua.”

“Kaka,” Kombo akasema polepole, “kiangazi hiki?”

*

Ndiyo maana ya ule ugomvi. Vuai alikuwa anapigana asogeze siku mbele, na Waziri hasogezeki.

“Nimeleta mtaalamu,” Waziri akasema, akipangusa jasho. “Ingia, Mama!”

Akaingia Bi Siajabu, msugua masinia wa Ikulu, mama mnene wa makamo, kajitwisha sufuria. Ndani ya sufuria umo ukwaju, jivu, mchanga na kumbi la nazi. Asubuhi hiyo alikuwa ameteuliwa Mshauri Mwandamizi wa Metali za Kale, na hakuna aliyekuwa amemwambia maana yake.

“Hodi wenyewe. Shikamooni.” Akainua leso. Afande akafumba macho chapuchapu. “Haya ndo mnayogombania? Mbona machafu hivi, wanangu? Hamna wake nyinyi?”

“Mama, utazisafisha vipi?” Vuai akauliza.

“Kama sinia. Ukwaju ulowane, halafu jivu, halafu mchanga, unalikamata kumbi unakaza mkono. Mie nina sinia la marehemu bibi yangu, lilikuwa na maua, lilikuwa na ndege, lilikuwa na maandishi ya sijui sultani gani. Njoo ulione leo! Hakuna ua, hakuna ndege, hakuna sultani. Kweupe! Unajiona mpaka magego.”

Vuai akafungua mdomo apige kelele ya mwisho. Akaufunga.

Hakuna ua, hakuna ndege, hakuna sultani. Basi na ndevu hakuna.

Alikitazama kile kisahani. Kitu pekee cha kweli kilichowahi kuingia katika nyumba ile kilikuwa pale, na ghalani alikuwapo Kombo na shavu lake. Na huwezi kuviokoa vyote viwili kwenye sufuria moja.

“Mheshimiwa,” akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayeuza shamba la baba yake, “Bi Siajabu kasema kweli. Zisuguliwe.”

“Enhe!” Waziri akasimama, maana alikuwa hawezi kushinda akiwa amekaa. “Ndugu zangu, historia ni kama sufuria. Anayeiacha na masizi ni mvivu, na anayesema masizi ndiyo sufuria ni adui. Sisi tutaisugua historia yetu mpaka itoboke!”

“Na uso?” Afande akauliza, macho bado kafumba.

“Ukisuguliwa sawasawa, Afande, hautakuwepo uso wa kuonwa.”

Afande akapima. “Pasipo uso hapana kosa. Sugueni.”

*

Shughuli ikafanyika uani, na brasibendi ikapiga. Vuai ndiye aliyekuwa anampa Bi Siajabu sarafu, moja baada ya nyingine. Ilipofika ile aliyoifungua kwa mwiba, mkono ukamkataa. Haikuwa ushujaa, hata yeye alishangaa. Alitaka kuitoa, vidole vikafumba, na sarafu ikateleza ndani ya mkono wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, baridi kama jongoo. Kwa kosa hilo jukwaa la seremala lingeweza kuwabeba ndugu wote wawili.

Bi Siajabu akasugua. Maji ya ukwaju yakageuka kijani. Alipofika kwenye kubwa kuliko zote, mkono ukaenda, ukarudi, ukasimama. Akaisogeza karibu na pua. Akainama kama anatafuta kumbi lililoanguka.

“Mwanangu,” akamnong’oneza Vuai, “huyu mtu ana ndevu.”

Vuai akamtupia Waziri jicho.

“Na macho anayo. Ananitazama, masikini. Mzee wa watu.” Bendi ikapandisha. “Yule kijana wa ghalani ni nani wako?”

“Mdogo wangu, mama.”

“Ooh.” Bi Siajabu akachota mchanga. “Nisugue?”

“Sugua.”

“Kwa nguvu?”

“Mpaka zitoke.”

Akasugua. Mfalme aliyetawala bahari na majangwa, aliyelala ardhini na ndevu zake bila kumsumbua mtu, alinyolewa kwa ukwaju uani. Zilianza ndevu, yakafuata majani ya kichwani, pua, jicho. Jicho lilikawia kidogo. Vuai alisema moshi wa jikoni unamwasha macho, ingawa jiko halikuwa limewashwa.

*

Siku ya Mng’aro Mtukufu aliletewa sarafu kubwa juu ya mto wa mahameli. Ilikuwa nyeupe peee, laini kama kucha, haina kitu. Waziri Lukindo alikuwa ameandaa hotuba ndefu ya kueleza kwa nini haina kitu. Hakuihitaji.

Mtukufu akaishika, akaisogeza usoni, akatazama. Akageuza shingo, akatazama tena. Akatabasamu, na sarafu ikatabasamu.

“Huyu si babu,” akasema.

Waziri akarudi hatua moja nyuma.

“Huyu ni mimi!”

“Ndivyo nilivyosema, Mtukufu!” Waziri akaokoka. “Nilisema babu, lakini nilikuwa na maana ya wewe, ulipotangulia!”

Uwanja ukalipuka vigelegele. Sarafu ikapitishwa kwa wakubwa, kila mmoja atazame athibitishe. Kila mmoja alitazama, akajiona mwenyewe, mashavu yake na hofu yake, na kila mmoja akasema, “Nakuona wewe, Mtukufu.” Hata Afande Nzunda aliangalia, kwa jicho moja.

“Aletwe aliyenivumbua,” Mtukufu akasema.

Kombo akapandishwa jukwaani. Nishani ilikuwa kulia, kamba kushoto, seremala alifanya kazi safi. Vuai, kule chini, alikuwa anabana ngumi. Imekwisha, alijiambia, imekwisha, avishwe hiyo nishani twende nyumbani. Hakupata nafasi ya kumwambia Kombo lolote, dirisha la ghala lilikuwa limezibwa na picha ya sherehe. Na Kombo alipandishwa vilevile alivyotoka ghalani, maana wale vinyozi wawili walikuwa bado wanabishana.

“Tazama,” Waziri akamwambia, “uwaambie wananchi unamwona nani.”

Kombo akatazama. Alikuwa hajaona kioo tangu siku ya sururu. Alichokiona ni mtu amevimba shavu, na nywele zimemsonga kidevuni. Akakumbuka maneno ya kaka yake. Akasema, na kipaza sauti kikayachukua:

“Kweli bwana, ana ndevu.”

Hata bendi ilinyamaza bila kuambiwa.

Mtukufu hakukasirika. Alitabasamu, na watu wa nchi ile walishajua kwamba afadhali akasirike. “Sarafu imetakata,” akasema, “macho ya huyu bado machafu. Mkamsafishe.” Akaingia kwenye gari.

*

Wakarudi chumba kilekile, meza ileile. Kisahani kipo, kitupu. Kombo karudishwa ghalani.

“Uchafu ni uchafu!” Waziri akaanza. “Huyu asuguliwe leoleo. Nina vijana wana mikono mizito.”

Kwaaa! Funguo zikabwagwa mezani. “Hakuna kusugua,” Afande akasema. “Ukimsugua atapiga kelele, watu watasikia, na kusikia nako nakutungia kifungu. Arudi shimoni alikochimba. Msingi bado uko wazi.”

“Mtukufu kasema asafishwe, hakusema azikwe!”

“Shimoni hakuna mchafu, Mheshimiwa. Ulishamsikia mtu wa shimoni akisema ameona ndevu?”

Bi Siajabu alikuwa kakaa kwenye kona na sufuria lake mapajani. Vidole vilikuwa vimechunika kwa ukwaju.

“Tumsikilize na mtaalamu,” Waziri akamgeukia Vuai, kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. “Bwana Vuai, wewe si ndiye wa polepole? Maji ya mvua, mafuta, mwiba. Tushauri. Huyu mdogo wako tumloweke kwanza, au twende naye na mwiba moja kwa moja?”

Vuai akawatazama. Alitafuta kwenye nyuso zao alama ya mzaha, hata ndogo. Hakuiona. Walikuwa wanasubiri jibu.

Akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, akautikisa. Kutoka kwenye kanzu ikateleza ile sarafu aliyokuwa anatembea nayo tangu siku ya kusugua, ikaanguka kisahanini, ti! Ya kijani, na ngozi yake yote, ila pale penye mwiba: jani, sikio, kidevu.

“Nini hiyo?” Waziri akainama.

“Ni huyo mfalme,” Vuai akasema. “Kombo hakumficha, na mimi sikumleta. Alikuwamo ardhini kabla hatujawa nchi. Na ana ndevu, Mheshimiwa. Ndevu zimejaa, za kusokota. Anakutazama.”

“Msitazame!” Afande akapiga yowe, viganja vyote viwili usoni. “Amri! Asitazame mtu!”

Waziri alishajifunika na koti. “Afande, fanya kitu!”

“Siwezi kufanya kitu nikiwa sioni! Nikifumbua nimeona!”

“Ifunike na leso yako!”

“Leso iko wapi?”

Leso ilikuwa mkononi mwa Vuai, ameshaiokota kando ya kisahani. Aliitandaza juu ya funguo, akazikusanya zote kwa pamoja, taratibu, punje kwa punje kama alivyojua yeye. Mbili zikagongana hata hivyo. Palepale Bi Siajabu, aliyekuwa kajifunika uso kwa vidole vilivyoachana, akashikwa na kikohozi kikubwa, kirefu, cha kutoka mbali.

“Pole, Mama,” Waziri akasema ndani ya koti.

“Ahsante, mwanangu. Ni lile jivu.” Akakohoa tena. “Nyie fumbeni tu macho. Bado anaangalia.”

Vuai akamtazama mzee wa kijani pale kisahanini, na ndevu zake zote. Alitamani kumchukua. Lakini akimchukua, watafumbua macho.

Akamwacha. Akatoka na funguo, akaufunga mlango kwa nje, akavuka ua.